Baba Yangu, Mtoto Wangu

Usiku mmoja wa Novemba 2022, yapata saa nne, simu iliita nyumbani kwangu Kihesa, Iringa. Nilipoona kwamba namba ni ya Ujerumani, nilikaa kwanza. Binti yangu na mimi tulikuwa na miezi saba bila kuzungumza. Habari zake nilizipata kwa mama yake, na zangu yeye alizipata kwa njia hiyo hiyo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

Humwita mama kwa kuwa amebeba jina la mama yangu mzazi. Kikapita kimya, kisha akasema, "Baba, nina swali la ngeli. Kwa nini tunasema *mtoto wangu* lakini *baba yangu*? Wote ni watu, na wote tunasema *amekuja*. Mwanafunzi wangu kaniuliza leo, nami nimemwahidi jibu siku ya Alhamisi."

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 36. Nimetunga mashairi yaliyochapwa magazetini na kusomwa redioni. Nilifungua kinywa nimjibu, nikakuta sina la kusema. "Nipe mpaka kesho," nikamwambia. Akacheka kidogo. Ndivyo tulivyopatana, bila yeyote kati yetu kuomba radhi.

Wapenzi wa lugha, naandika haya kwa sababu radhi hiyo bado naidaiwa, na si kwa binti yangu peke yake.

Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1983 nikapangiwa Mbeya. Huko nilifundisha hadi nilipostaafu mwaka 2019, nikarudi Iringa kwetu. Watoto wangu walikulia chini ya mlima Loleza, katika baridi ya Juni inayowafanya wanafunzi waandike huku wamevaa makoti. Umeme ulipokatika jioni, nami nikiwa na shairi linalonisumbua, nililisema kwa sauti mezani na watoto wakahesabu mizani kwa vidole. Yule wa kike ndiye aliyekuwa na sikio. Akiwa darasa la nne aliwahi kunikatiza: "Baba, hapo umezidisha moja." Nikahesabu upya, nikaona ni kweli.

Mtu angedhani baba wa namna hiyo angemlea mtoto huyo awe mwalimu wa lugha. Haikuwa hivyo. Alipomaliza kidato cha sita akaniambia anataka kusoma Kiswahili chuo kikuu, nilimjibu kwa maneno ambayo leo nayaandika kwa aibu: "Kiswahili utakiongea bure. Soma kitu kitakachokulisha." Nilikuwa na sababu zangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao miaka mingi, mshahara ukichelewa na madai ya uhamisho na likizo yakizeeka ndani ya jalada. Nilikuwa nimewaona wanafunzi wangu wa zamani waliosoma biashara wakipita Mwanjelwa na magari yao, wakisimama kunisalimia kwa heshima, nami nikiwa kwa miguu. Nikasema mwanangu hatapita njia hii.

Akasoma biashara. Mwaka 2014 akaajiriwa na benki moja jijini Mbeya, idara ya mikopo. Siku alipokuja nyumbani kwa mara ya kwanza na kitambulisho kikining'inia shingoni, mama yake alipiga vigelegele. Mimi nilienda chumbani nikashukuru peke yangu. Kwa miaka minane mshahara ule ulimsomesha mdogo wake na kumalizia paa la nyumba ninayokaa sasa. Sitaki msomaji adhani kwamba kazi ya benki ilikuwa kitu cha kudharauliwa. Ilitulisha.

Lakini yeye ilimchosha kwa namna ambayo mimi sikutaka kuiona. Kila mwezi alikuwa na malengo ya kutimiza, na mwezi uliofuata malengo yalipanda. Alikwenda Mbozi kwa wakulima wa kahawa na Mbarali kwa wakulima wa mpunga, akae nao kivulini, aeleze riba na dhamana. Aliniambia mara moja kwamba sehemu ya kazi aliyoipenda ni ile ya kueleza tu: kutafuta neno la Kiswahili ambalo mzee asiyesoma angelielewa badala ya lile lililoandikwa kwenye fomu. Nilimsikia, nikadhani analalamika.

Jumamosi alianza kuwafundisha Kiswahili madaktari wageni waliokuja kujitolea Mbeya. Kwanza ilikuwa fadhila kwa jirani, kisha wakawa watano, kisha wakaanza kumlipa. Corona ilipoingia mwaka 2020 wageni wale walirudi makwao, naye nikadhani jambo limekwisha. Kumbe walimwomba waendelee kwa intaneti. Akawa anatoka benki jioni, anakula haraka, anafungua kompyuta. Akatambua kwamba kukijua Kiswahili na kumfundisha mgeni Kiswahili ni mambo mawili tofauti, akayatafuta mafunzo ya kufundisha wageni, hayo ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, huyaendesha. Yote haya aliyafanya bila kuniambia. Alijua nitasema nini.

Pasaka ya mwaka 2022 alikuja Iringa. Baada ya chakula akatueleza kwamba ameandika barua ya kuacha kazi, na kwamba Septemba anakwenda Hamburg kufundisha Kiswahili madarasa ya jioni ya watu wazima, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mshahara ukitoa kodi ya nyumba na gharama za kule, alisema, utakuwa pungufu ya ule wa benki.

Nilimwuliza kama amerogwa. Akajaribu kunishawishi kwa habari ambazo sote tulikuwa tumezisikia: kwamba Novemba iliyopita UNESCO ilikuwa imeitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kwamba Februari hiyo Umoja wa Afrika ulikuwa umekipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Nikamjibu, "Matamko hayalipi ada ya mdogo wako." Kisha nikaongeza neno ambalo lingebaki tumboni ningekuwa na busara: "Nimehangaika miaka yote hiyo uondoke nilipokuwa mimi, nawe unarudi pale pale. Tena kwa Wajerumani."

Hilo la Wajerumani halikutoka hewani. Sisi ni Wahehe. Babu yangu alikuwapo Kalenga Juni 1954 siku fuvu la Mtwa Mkwawa liliporudishwa kutoka Bremen, miaka 56 baada ya Mtwa kujiua asikamatwe. Alitusimulia siku ile hadi tukaijua kama tuliiona. Nchi iliyokaa na kichwa cha mtawala wetu ndani ya kabati, sasa inamtaka binti yangu aifundishe kusalimia? Ndivyo nilivyowaza. Kusema kweli, nilikuwa nimelishika fuvu la Mkwawa nilitumie kama fimbo, kwa sababu hoja ya fedha peke yake ilionekana ndogo.

Binti yangu hakunijibu. Aliosha vyombo pamoja na mama yake, asubuhi akapanda basi la Mbeya. Septemba alipoondoka sikwenda kumsindikiza.

Sasa nirudi kwenye lile swali lake.

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nilitoa vitabu vyangu vya sarufi kabatini, vingine vikiwa bado na chaki kwenye kurasa. Jibu nililolikusanya ni hili. Neno *mtoto* lina kiambishi *m-*, kwa hiyo limo katika ngeli ya watu kwa umbo na kwa maana, nalo huchukua *wangu* bila shida. Neno *baba* halina kiambishi hicho. Kwa umbo linafanana na *nyumba* na *kalamu*. Uhai wake unalivuta kwenye ngeli ya A-WA, ndiyo maana tunasema *baba amekuja* na *baba mzuri*. Lakini katika kumiliki, maneno ya undugu na ukaribu yamekataa kuvutwa: *baba yangu, mama yangu, dada yangu, ndugu yangu, rafiki yangu, jirani yangu*, na kwa wingi *dada zangu, rafiki zangu*. *Daktari* naye hana *m-*, lakini tunasema *daktari wangu*. Hayumo katika ukoo. Ni kana kwamba lugha imeweka alama ndogo mlangoni kutofautisha watu wa nyumbani na wengine.

Nilimpigia nikamweleza. Alinyamaza, kisha akasema, "Baba, hili hukuwahi kutufundisha." Ni kweli. Sikuwahi kulifundisha kwa sababu hakuna aliyeuliza. Wanafunzi wangu wa Mbeya, wawe Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha au Wandali, walikuja shuleni tayari wanasema *baba yangu*. Mimi nilisahihisha makosa yao, sikueleza usahihi wao.

Tangu hapo maswali yakawa yanakuja kila wiki. Kwa nini aliyesimama anasema *nimesimama*, hali tendo bado linaendelea? Kwa sababu kusimama kwetu ni kule kuinuka, na *-me-* inaonyesha hali iliyobaki baada ya kuinuka; anayesema *ninasimama* yuko katikati ya kuinuka. Ndivyo ilivyo *nimevaa, nimelala, nimechoka*. Kwa nini *kifaru mkubwa amekunywa* na si *kifaru kikubwa kimekunywa*? Kwa nini saa moja ya asubuhi ni ile ambayo saa ya ukutani kwao inaonyesha saba? Hilo ni jepesi kwa aliyekulia kijijini: siku yetu huanza jua linapochomoza, haianzi usiku wa manane watu wakiwa wamelala.

Gumu kuliko yote lilikuwa neno *pole*. Mwanafunzi wake mmoja alijikwaa mlangoni, binti yangu akasema pole, yule akamjibu, "Si kosa lako." Akataka kujua mtu anawezaje kusema neno linalofanana na kuomba radhi ilhali hakukosa. Ilibidi binti yangu awaeleze kwamba *pole* haiulizi nani amekosa. Inasema tu: nimekuona, mzigo wako nimeuona. Ndiyo maana tunampa hata mtu anayelima shamba lake mwenyewe: pole na kazi. Akawaambia pia kwamba alikokulia yeye, Mnyakyusa husema *ndaga*, na neno hilo moja linabeba pole na asante. Wakaliandika kwenye madaftari yao.

Niliposikia kwamba *ndaga* imeandikwa kwenye madaftari ya Hamburg, kitu kilinilegea moyoni.

Yeye ndiye pia aliyenikumbusha Mtoro bin Mwinyi Bakari. Jina hilo nililisoma chuoni nikalipita haraka. Sasa nililirudia kwa macho ya mzazi. Mtoro, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliondoka pwani mwaka 1900 kwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887. Wengi waliosoma pale walikuwa wakijiandaa kuja kututawala au kufanya biashara kwetu. Maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903 katika kitabu ambacho jalada lake lilibeba jina la mhariri, Carl Velten. Mwaka uliofuata Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 walipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ilikataa ateremke na mkewe. Wakarudi Ujerumani. Hakuiona tena Bagamoyo. Alifia Berlin mwaka 1927.

Niliisoma habari ile nikafunga kitabu. Kwa muda nilidhani nimepata ushahidi wangu: unaona walivyomfanyia mwalimu wetu? Lakini kadiri nilivyoitafakari ndivyo ilivyonigeukia. Watu wale walimnyima Mtoro nchi yake, jina lake likakaa nyuma ya jina la mwingine, lakini alichofundisha hawakuweza kukifuta. Baada yake wamepita wengine kwa heshima kubwa zaidi: Abdilatif Abdalla alifundisha Leipzig kuanzia mwaka 1995 hadi 2011, na mwaka huo huo wa 1995 Euphrase Kezilahabi alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Mimi niliwasifu watu hawa darasani. Niliwaambia wanafunzi kwamba ni fahari ya lugha yetu. Kisha nikarudi nyumbani nikamwambia mwanangu kwamba lugha hiyo hailishi mtu.

Kilichonishinda kabisa ni habari ya mwanafunzi wake mmoja. Katika darasa lile kuna muuguzi anayejiandaa kuja kufanya kazi Tanzania, kuna mzee aliyeoa huku kwetu Mbozi, na kuna msichana wa miaka ishirini na kitu ambaye baba yake ni Mkenya. Baba huyo hakumfundisha binti yake hata salamu. Alitaka ajue Kijerumani vizuri, asiwe na lafudhi, apate kazi. Sasa msichana analipa ada ajifunze lugha ambayo ilikuwa imelala chumba cha pili nyumbani kwao. Siku ya kwanza alipompigia baba yake akasema, "Shikamoo, baba yangu," mzee yule alilia kwenye simu.

Binti yangu alinisimulia bila kuongeza neno, wala hakuhitaji. Baba yule alimnyima mtoto wake Kiswahili kwa mapenzi, na mapenzi hayo nayajua. Mimi sikumnyima wangu lugha yenyewe, ila nilimnyima ruhusa ya kuiheshimu.

Julai 2023, Siku ya Kiswahili, nilimtungia ubeti mmoja nikamtumia kwa simu. Aliwasomea wanafunzi wake, ambao alikuwa amewafundisha mizani kwa kupiga makofi. Huwaambia kwamba *mtu* ni makofi mawili kwa sababu *m* ile inasimama peke yake, hali *mbuzi* nayo ni mawili kwa sababu *m* imeegemea *b*. Anasema mizani imewanyoosha matamshi kuliko zoezi lolote la kitabuni.

Jioni ile ile akanipigia anacheka. "Baba, kipande cha kwanza cha mstari wa tatu kina makofi tisa."

Nilikuwa nimeandika *Lugha niloiita mwiko*, na zile *i* mbili nikazihesabu kuwa moja, kosa ambalo ningemkatia alama mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wajerumani walikuwa wamezipiga zote mbili. Nikaondoa moja, na inkisari ikakaa sawa. Ubeti uliosahihishwa Hamburg ni huu:

Mwanangu uliye huko, sikia neno la kwangu,
Niliyakosa mashiko, kosa hilo ndilo langu,
Lugha niloita mwiko, leo ni fahari yangu,
Sina tena sikitiko, baba yako, mwana wangu.

Sitawadanganya wanaofikiria kufuata njia hiyo. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na kila kiangazi kinapokaribia mwisho hajui kama darasa litapata watu wa kutosha. Majira ya baridi anatoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Ada ya mwaka wa mwisho ya mdogo wake nililazimika kuimalizia kwa kiinua mgongo changu, na ukuta wa nyuma wa nyumba hii haujapigwa lipu hadi leo. Matamko kwa kweli hayalipi ada. Katika hilo sikukosea.

Nilikosea katika kudhani kwamba anarudi nilipokuwa mimi. Mimi nilifundisha watu waliokuwa tayari na Kiswahili, nikawapa alama. Yeye anasimama mbele ya watu wasiokuwa nacho, na kila jioni ni lazima ajue kwa nini tunasema tunavyosema. Kwa miaka 36 niliipenda lugha hii bila kuulizwa chochote juu yake.

Mwaka jana alikuja likizo, tukaenda pamoja Kalenga. Tulisimama mbele ya fuvu, kila mtu na mawazo yake. Tulipotoka nje akaniuliza mlinzi tuliyemkuta pale alinisalimiaje, maana yeye alisikia *kamwene* tu na mengine yakampita. Nilianza kumweleza Kihehe, lugha ya mama yangu, ambayo nayo sikumfundisha. Akatoa daftari.